Damu Kwenye Mswaki wa Kijana: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Masisi na Walikale

Kijana wa miaka 14 akitema mate mekundu baada ya kusafisha meno, mara nyingi hakuna anayeshtuka nyumbani. Kijana huyohuyo akipata homa, mama atamgusa paji la uso, atauliza ameamkaje, na kesho yake watakuwa kwenye foleni ya kituo cha afya. Damu ya fizi haipewi uzito huo. Husemwa kwamba mswaki ni mgumu, kwamba ni mambo ya ukuaji, kwamba itaisha yenyewe. Mwongozo huu unashikilia kinyume chake. Damu ya fizi kwa kijana wa miaka 12 hadi 19 ni ugonjwa. Kwa wengi ni ugonjwa mwepesi unaotibika nyumbani bila gharama. Kwa wachache ni mwanzo wa kupoteza meno wangali vijana. Na kwa wachache zaidi, hasa wenye njaa au waliotoka kuugua surua, ni hatari inayokwenda mbio. Daktari wa meno hayuko karibu na Nyabiondo, Pinga wala Itebero, kwa hiyo kazi ya kuwatenganisha wengi na wachache inabaki mikononi mwako wewe mzazi, mwalimu au mhamasishaji wa afya wa kijiji, na kazi hiyo unaiweza.

Tuanze na chanzo. Kwenye jino lolote lisilosuguliwa hujengeka utando laini, mweupe au wa manjano hafifu, ambao wengi huuita ukoga. Ukiuparua kwa ukucha hutoka kama ugali mwembamba. Huo si mabaki ya chakula: ni bakteria hai, mamilioni kwa mamilioni, walioshikamana. Ukiachwa pale jino linapokutana na fizi, mwili hupeleka damu na chembe za ulinzi mahali hapo, fizi huvimba, na ikiguswa hutoa damu. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1965 na mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba, na waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Jaribio hilo linamjibu anayesema, "Inatoka damu, basi niipumzishe." Fizi inatoka damu kwa sababu ukoga umekaa, na kuipumzisha ni kuuachia ukoga nafasi. Ukoga ukikaa muda mrefu hunyonya madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki.

Kama mambo yangeishia hapo, mwongozo ungekuwa mfupi: sugua meno, basi. Lakini bakteria wa kinywani hawalingani kwa ukali. Mmoja wao, anayeitwa kwa jina la kisayansi Aggregatibacter actinomycetemcomitans, hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu, yaani askari walewale wanaotumwa kulinda fizi. Kuna ukoo mmoja wa bakteria huyu, unaojulikana kama JP2, unaotoa sumu hiyo kwa wingi kuliko jamaa zake. Mwaka 2008 Dorte Haubek na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwafuatilia vijana wa shule za Rabat, Morocco. Walianza na 682 ambao mifupa inayoshikilia meno yao ilikuwa bado mizima, na baada ya miaka 2 waliweza kuwapima tena 428. Waliokuwa na ukoo wa JP2 peke yake walikuwa na uwezekano wa mfupa huo kuanza kuliwa mara 18 zaidi kuliko wasio na bakteria huyo kabisa. Waliobeba aina zake za kawaida nao walikuwa na uwezekano mara 3. Kule Ghana, uchunguzi wa vijana 500 uliochapishwa mwaka 2012 ulimkuta bakteria huyu kwa zaidi ya nusu yao, na ukoo wa JP2 kwa asilimia 8.8.

Hapa msomaji makini atauliza: Rabat na Ghana zinahusiana nini na Rubaya au Walikale? Swali ni la haki. Ukoo wa JP2 una asili yake Afrika ya Kaskazini, ukaenea Afrika ya Magharibi, ukavuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani Amerika. Milima ya Kivu haimo katika njia hiyo, na sitaki mama yeyote wa Masisi alale na hofu ya jina hilo. Ila aina za kawaida za bakteria huyu zipo duniani kote, na zile mara 3 za Rabat zilitokana na hizo. La pili ndilo kubwa zaidi: ugonjwa anaouleta una tabia inayotambulika bila maabara. Hupenda kuanza katika ujana, hushika magego ya kwanza na meno ya mbele, hula mfupa unaoshikilia jino, na mara nyingi hauumi. Fizi inaweza kuonekana safi kwa juu huku chini mfupa unakwisha. Kijana hujua siku jino linapotikisika, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Pingamizi la pili ni la wazee, nalo lina ukweli ndani yake: "Babu zetu hawakuwa na mswaki wa dukani, na walizikwa na meno yao." Wengi wao, ndiyo. Uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wa miaka 15 hadi 65, uliochapishwa mwaka 1988, ulikuta ukoga na ugaga karibu katika kila mdomo, lakini sehemu kubwa ya uharibifu ilikuwa imelundikana kwa kikundi kidogo katika kila rika. Kule Sri Lanka, wafanyakazi wa mashamba ya chai ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno walifuatiliwa tangu 1970 hadi 1985. Kwa asilimia 11 fizi hazikuendelea kuharibika, kwa 81 ziliharibika polepole, na kwa 8 ziliharibika kwa kasi kiasi kwamba walipofika miaka 45 karibu meno yote yalikuwa yamekwisha. Babu aliyezikwa na meno yake alikuwa katika wale wengi. Mdogo wake aliyekuwa akilainishiwa chakula kwenye kinu hatajwi katika hadithi. Zaidi ya hayo, babu huyo hakuwa mtu asiyesafisha meno. Alikuwa na kijiti cha mti mdomoni kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye kuangalia. Mketishe kijana nje, uso ukielekea mwanga wa asubuhi, wewe ukiwa umenawa mikono kwa sabuni. Mvute mdomo wa chini taratibu, kisha wa juu. Usitafute rangi ya waridi inayochorwa kwenye mabango ya afya, kwa maana fizi za watu wetu wengi zina madoa ya kahawia au nyeusi tangu kuzaliwa, na hiyo ni rangi tu kama ya ngozi. Tafuta umbo. Fizi nzima ina ukingo mwembamba uliolala juu ya jino, na kati ya jino na jino kuna kinyama chenye ncha kinachojaza nafasi. Fizi inayougua ina ukingo mnene, inang'aa kama imepakwa mafuta, na kile kinyama kimekuwa butu. Ikandamize kwa kidole, kutoka chini kuelekea kwenye jino, ungoje muda wa kuhesabu hadi 30. Damu au usaha ukitokea, weka akilini ni jino gani. Kisha hesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda nyuma: jino la 6 ni gego la kwanza, lile lililoota mtoto alipokuwa na miaka kama 6. Yako manne, mawili juu na mawili chini. Lishike kila moja katikati ya mipini ya vijiko viwili safi, ulisukume kidogo ndani na nje, ufanye hivyo pia kwa meno ya mbele. Jino la kudumu la kijana halipaswi kucheza kwa namna ambayo jicho linaiona. Mwishowe muulize kama kuna jino la mbele ambalo limehama, limeonekana kurefuka, au limefungua mwanya ambao mwaka jana haukuwepo.

Kuna kosa moja la kuepuka hapa, hasa kwa wanaoishi upande wa Sake na vijiji vilivyo karibu na Nyiragongo na Nyamulagira. Maji ya nchi ya volkano hubeba floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengwa ndani ya taya, yanaota na madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo yako ndani ya jino lenyewe. Si uchafu na si ugonjwa wa fizi. Vijana wanaoyaonea aibu huyasugua kwa mchanga, majivu au makaa, nayo hayatoki. Kinachotoka ni ukingo wa fizi, mzizi wa jino ukabaki wazi. Mwambie kijana wa namna hiyo ukweli ili aache kujiumiza.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya kulenga kuliko kazi ya nguvu. Mswaki wa dukani ukiwepo, uwe laini, na kila mtu awe na wake. Familia zilizokimbia na kujibana ndani ya hema moja hujikuta zikitumia mmoja, na hapo mate ya mwenye ugonjwa huingia kinywani mwa mwingine. Mswaki usipokuwepo, kijiti kinafaa kweli. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza vijiti vya kutafuna tangu miaka ya 1980 kwa watu wenye desturi hiyo. Chukua mti ambao wazee wa kijiji wanautumia tayari, ukiepuka kabisa ule wenye utomvu mweupe. Kata kijiti cha unene wa penseli na urefu wa shubiri, menya ncha yake, itafune mpaka ichambuke nyuzi laini. Zilaze nyuzi hizo pale jino na fizi vinapokutana, zikiinama kidogo kuelekea fizi, usugue kwa mwendo mfupi na mwepesi, jino baada ya jino, upande wa nje kisha upande wa ulimi. Watu wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana wakicheka na kuyaacha magego, ilhali ugonjwa huanzia huko. Upande wa nje wa gego la juu, ule unaogusana na shavu, ndio unaosahaulika zaidi: mdomo ufumbwe nusu ili shavu lilegee, kijiti kipate njia. Dakika 2 au 3 zinatosha, asubuhi na usiku, na wa usiku usiachwe, kwa kuwa mate hupungua mtu akilala. Kesho yake kata ncha iliyochakaa, utafune mpya. Dawa ya meno yenye floridi ni nzuri kwa kuzuia meno kutoboka, lakini fizi huponywa na msuguo. Asiye na dawa ya meno asikae akingoja aipate.

Anza siku hiyohiyo, na umwambie kijana kwamba siku za kwanza damu itazidi kidogo na asiogope. Mpe siku 14. Hicho ndicho kipimo chetu cha kutenganisha. Fizi zikikaza na damu ikakoma, alikuwa katika wale wengi, na dawa yake ni kuendelea. Damu ikibaki mahali pote, mara nyingi kuna ugaga unaohitaji kukwanguliwa na mtu mwenye vifaa. Damu au usaha ukibaki kwenye jino la 6 au meno ya mbele peke yake, au jino likicheza, huyo ni wa kupelekwa hospitali hata kama haumwi popote. Kwa msichana mjamzito kipimo ni hichohicho: mimba huzidisha uvimbe wa fizi, lakini haibadilishi chanzo, na kuacha kusugua kwa ajili ya mimba ni kumwongezea ugonjwa. Kijana anayevuta sigara, na machimboni wako wengi, hapimwi kwa damu, kwa maana moshi hubana mishipa midogo na fizi inayoharibika inaweza isitoe damu. Kwake tegemea mipini ya vijiko.

Kabla ya kumlaumu kijana kwa uvivu wa kusafisha, muulize kuhusu miguu. Kati ya 2017 na 2018, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kuugua maumivu ya miguu, na baadhi yao fizi. Wagonjwa 45 walitambuliwa, na ugonjwa ulikuwa ukosefu wa vitamini C. Wengi waliishi wakijipikia wenyewe, wakila nafaka na maharagwe bila matunda. Nani asiyewajua vijana wa namna hiyo katika kambi za watu waliohamishwa na vita, au katika vibanda vya wachimbaji? Bugari na maharagwe hushibisha lakini hayana vitamini hiyo ya kutosha, na sombe iliyochemka saa nyingi imekwisha kuipoteza nyingi. Kijana mwenye fizi zilizovimba, uchovu na maumivu ya goti au mashavu ya miguu apewe kila siku pera, papai, chungwa, marakuja au nyanya mbichi, na muuguzi aambiwe kuhusu miguu hiyo, kwa sababu vidonge vya vitamini C huleta nafuu haraka.

Linakuja sasa pingamizi zito kuliko yote. Watu wanakimbia risasi, watoto wanakufa kwa surua na njaa, na wewe unazungumza fizi? Ninaliheshimu swali hilo, na jibu langu ni kwamba vita ndivyo vinavyofanya fizi kuwa jambo la haraka. Madaktari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliona askari vijana wakiugua kwenye mahandaki fizi zinazooza kwa usiku mchache: njaa, kukosa usingizi, hofu na uchafu vilikuwa vimeangusha ulinzi wa mwili, na bakteria waliokuwa kinywani siku zote wakapata nguvu. Hali hizo ndizo za mtu aliyelala porini wiki mbili kati ya Kitchanga na Mweso. Dalili za ugonjwa huo wa mahandaki ni tofauti kabisa na za ule ugonjwa wa kimya unaokula mfupa: maumivu makali ya ghafla, harufu nzito ya mdomo, damu inayotoka yenyewe, na vile vinyama vya kati ya meno vimeliwa ncha na kufunikwa utando wa kijivu. Kwa watoto wadogo, hasa wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo au waliotoka kuugua surua, hali hiyo inaweza kugeuka noma, ambayo hutoboa shavu kwa siku chache. Bila matibabu noma huua hadi watoto 9 kati ya 10, na anayepona hubaki na uso ulioharibika. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Haiambukizwi na hailetwi na uchawi, kwa hiyo mtoto asifichwe nyumba ya nyuma. Ikikutwa bado iko kwenye fizi, dawa za kawaida za bakteria, maji ya chumvi na chakula chenye nguvu huisimamisha. Mwenye dalili hizi hapewi siku 14. Aende leo. Na kila mtoto aliyetoka kuugua surua afunuliwe mdomo na kuangaliwa fizi kila siku kwa wiki kadhaa.

Kuhusu dawa, shauri langu ni kali. Amoksisilini na metronidazoli, zikitumiwa pamoja, zimewasaidia vijana wenye ugonjwa wa kimya, lakini baada ya meno kukwanguliwa hadi chini ya fizi. Ukoga usiovunjwa huwakinga bakteria walio ndani yake, vidonge vikapita bila kuwafikia. Anayenunua vidonge 6 sokoni, akameza siku 2 mpaka maumivu yatulie, amewafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo kesho ataihitaji kwa nimonia ya mtoto. Kung'oa nako ni njia ya mwisho: jino linaondoka, bakteria wanabaki kwenye meno jirani. Na koleo lisilochemshwa linaweza kupitisha virusi vya homa ya ini na UKIMWI kutoka kinywa hadi kinywa. Kinachofaa kwa kila mtu wakati wa kungoja ni nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa, ya uvuguvugu, kusukutua mara kadhaa kwa siku bila kumeza.

Barabara ikiruhusu kufika kituo cha afya, au hospitali kuu ya Masisi, ya Mweso au ya Walikale, usiende na neno "fizi" peke yake, maana mbele yako kuna mama mwenye mtoto mwenye degedege na utaambiwa urudi kesho. Andika kwenye karatasi: umri wa kijana, jino la ngapi kutoka katikati na upande gani, linacheza au halichezi, damu au usaha, tangu lini, amesugua siku 14 bila nafuu, amekula nini mwezi huu, aliugua surua au hakuugua. Muuguzi akiisoma ataweza kuamua kama ampe rufaa kwenda Goma au amtibu hapohapo. Na ukirudi nyumbani waangalie ndugu zake wote waliozidi miaka 6, pamoja na mama na baba, kwa njia ileile ya mwanga na mipini ya vijiko, kwa maana bakteria hawa hupita kwa mate ndani ya nyumba moja, na mara nyingi anayefuata kuugua ni mdogo wa yule uliyempeleka.